Waliohudhuria Ndio Walioafiki

Tarehe 2 Februari

Mjukuu,

Leo sikuiti mume wangu. Mume akiitwa huitika. Wewe nimekupigia simu mara nne, ya tano ukanitumia picha ya kidole gumba. Kidole gumba! Mimi niliacha kutia dole gumba nikiwa na miaka hamsini na tatu. Nilijifunza kuandika jina langu herufi kwa herufi, kwenye darasa la watu wazima, magoti yamebanwa chini ya dawati la watoto. Leo mjukuu wangu wa chuo kikuu, mwaka wa tatu, ananirudisha kwenye kidole. Huna haya?

Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ukikosa jibu unasema mtandao mbaya, unakata. Barua huwezi kuikata. Nimempa dereva wa basi la asubuhi, ataiacha kwa mlinzi wa geti lenu. Nawe jibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa nisikilize. Vyoo vya soko vimefungwa tangu mwezi wa kumi na moja. Walituambia ni ukarabati wa wiki mbili. Fundi hatujamwona, hata mfuko mmoja wa saruji hatujauona. Jana wamebandika karatasi mlangoni: jengo litageuzwa maduka sita, na Jumamosi ijayo, tarehe 10, kuna mkutano wa kutoa maoni. Nimeisoma karatasi mara tatu. Wanasema vyoo vyetu ni "miundombinu isiyotumika". Isiyotumika! Wamefunga wao, kwa kufuli lao, ufunguo wanao wao, halafu wanashangaa havitumiki.

Unajua tunavyoishi hapa? Tangu asubuhi ninapofungua cherehani mpaka jioni ninapoifunika, sinywi maji. Wanawake wote wa soko hatunywi. Tukivuka barabara kwenda kituo cha mafuta, yule mwenye pampu anatuuliza, "Mama, gari lako liko wapi?" Wanaume wana ukuta wa nyuma, Mungu awasamehe. Mama Ndoo, huyu jirani yangu anayeuza vyombo vya plastiki, amelazwa siku nne. Daktari akamwambia figo zinalia, anywe maji mengi. Akamjibu, "Nikishayanywa nikayaache wapi, daktari? Kwenye bidhaa?" Wodi nzima ilicheka, lakini yeye alikuwa analia.

Wewe unasomea mipango ya miji. Huu ni mji, na hapa pana mpango. Njoo Jumamosi utusomee ile karatasi, uwaulize hao mabwana maswali ya kisomi. Sisi tukiuliza wanatuitikia "ndiyo mama, ndiyo mama", kisha wanatazama saa.

Na jingine. Redioni wamesema waandikishaji wa kura walikaa chuoni kwenu wiki nzima wakipiga miayo. Niambie wewe ulikwenda. Usiponiambia nitajua.

Bibi yako, Fundi wa Sare

—

Tarehe 6 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Barua nimeipata. Mlinzi aliishika kwa ncha za vidole kama amepokea yai. Amesema tangu aanze kazi hapa hajawahi kumpa mwanafunzi barua isiyotoka mahakamani.

Pole sana kwa Mama Ndoo. Mfikishie salamu zangu.

Jumamosi sitaweza kuja. Tuna mtihani wa majaribio Jumatatu. Na hata usingekuwepo, Bibi, mimi mambo ya mikutano siyawezi. Yana wenyewe. Wanakuja na uamuzi umeshakunjwa mfukoni, mnazungumza saa tatu, wanaondoka nao vilevile ulivyokunjwa.

Waandikishaji ndiyo walikuja, wakaweka meza nje ya bwalo letu la chakula. Kwenye korido yetu tuko kumi na wanane. Walikwenda wawili, na mmoja alidhani ni foleni ya kusajili laini ya simu. Mimi sikwenda. Hapo nimekwambia kweli, usije ukasema nimekuficha.

Usikasirike. Wewe umepiga kura tangu mama hajazaliwa, hujakosa hata mara moja, na choo kimefungwa.

Ukienda kwenye mkutano, nenda kasikilize tu. Usitie sahihi mahali popote.

Mumeo, ukinikubali bado

—

Tarehe 12 Februari

Mjukuu,

Nimekwenda, nimesema, na nimetia sahihi. Tena ya kwanza kabisa, juu, mstari wa kwanza, jina lote bila kukatiza. Sasa uniambie nani amekufundisha woga. Si mama yako, marehemu, aliyewahi kumfuata mwalimu mkuu mpaka nyumbani kwake kwa sababu ya kiboko kimoja. Na si mimi.

Tulikuwa wengi. Walikuja watatu: bwana mkubwa aliyesinzia, afisa kijana mwenye miwani, na dada wa kugawa soda. Afisa akaanza na maneno yake, nikamkata. Nikasema, "Baba, unaponiona nimekaa hapa, leo tangu asubuhi sijakojoa. Wewe umekwenda mara ngapi?" Akainamisha kichwa. Wanawake wakapiga makofi mpaka yule bwana mkubwa akaamka naye akapiga. Mama Ndoo akasimama, katoka hospitali juzi tu, akasema yake. Muuza mitumba akasema. Hakuna hata mmoja aliyeunga mkono maduka. Yule wa miwani alikuwa anaandika, nilimwona kwa macho yangu.

Mwishoni zikapita karatasi za mistari. Wengine walisita. Mimi nikawaambia, "Tieni, tuhesabiwe. Msipotia watasema walizungumza na viti." Wakatia, wale wasiojua kuandika nikawashika mkono. Tumefika sitini na mmoja. Afisa akasema, "Asanteni, sasa mmeshirikishwa." Nikalipenda hilo neno, nikalirudia njiani kutwa.

Halafu wewe unaniandikia nisitie sahihi popote, mstari mmoja, bila sababu, kama unamkataza mtoto asiguse pasi. Mimi kusoma niliachia darasa la pili, mengine nimeyasoma kwenye viuno na mabega ya watu, lakini kalamu nikipewa naijua kazi yake. Wewe kalamu unayo siku zote, unaifanyia nini?

Hilo la kura na choo limeniuma. Naliweka. Nitakujibu likishapoa.

Bibi yako

—

Tarehe 3 Machi

Wewe kijana,

Ulijua.

Jana wamebandika tangazo jipya. Nimelinakili neno kwa neno, usome: "Baada ya kuwashirikisha wadau sitini na mmoja wa soko, ambao majina yao yameambatishwa na ambao wameafiki mradi kwa sahihi zao, kazi ya kubomoa itaanza. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne." Chini yake wameambatisha ile orodha. Juu kabisa, mstari wa kwanza, mimi. Herufi zangu zote, ile G yangu inayoinama. Ukurasa wa mbele umeandikwa "Wadau Walioafiki". Siku ya mkutano hakukuwa na neno hilo, naapa. Karatasi tulizopitishiwa zilikuwa mistari mitupu.

Nimeshona nguo miaka arubaini, najua walichofanya. Wametoa kola, wakashona kola nyingine kwenye gauni lilelile. Anayetazama kwa mbali anasema gauni ni hilohilo.

Asubuhi nimefika, nikasalimia, hakuna aliyeitika. Muuza mitumba akasema kwa sauti, haniangalii, anapanga mashati yake, "Wengine wameshaahidiwa chumba cha duka." Mama Ndoo akanijia mpaka kwenye cherehani. Akaniuliza taratibu, "Fundi, mkono wangu uliushika wewe. Ulikuwa unaniandikisha nini?" Nikakanyaga cherehani, uzi haumo.

Akarudi kwenye ndoo zake. Hajanisemesha tena.

Wewe ulijuaje? Usiniambie ulibahatisha. Nataka jibu la karatasi nzima, mbele na nyuma. Usipojibu usije kwangu likizo, nitakupitisha getini kama mpita njia.

Fundi wa Sare

—

Tarehe 8 Machi

Bibi,

Naandika mbele na nyuma kama ulivyotaka.

Mwaka jana kwenye mafunzo ya vitendo nilipelekwa ofisi ya mji mwingine, nikawekwa chumba cha mafaili, kazi yangu kuchapa. Mtaa mmoja ulikuwa na uwanja wa watoto, ofisi iliutaka uwe maegesho ya malori. Mkutano ukaitishwa. Mimi ndiye niliyegawa kalamu. Watu mia mbili na kumi na wawili walikuja, na walipinga, Bibi. Kuna baba mmoja alikuja na mpira wa wanawe, akauweka mezani mbele ya mkuu wangu, akaenda kukaa.

Siku ya pili mkuu akaniletea karatasi za sahihi. Ukurasa wa mbele, "Orodha ya Waliohudhuria", akautoa. Akaniambia nichape mwingine, "Orodha ya Wadau Walioafiki". Nikamwambia, "Mkuu, hawa si walipinga?" Akacheka, wala si kwa ubaya, kama mtu anayemfundisha mgeni. Akasema, "Asiyeafiki angetoka nje. Waliohudhuria ndio walioafiki. Ni neno tu, kijana." Nikachapa. Haikuchukua hata dakika mbili. Kisha nikaenda kula.

Niliporudi chuoni nilimwambia mhadhiri wangu. Akasimama akafunga mlango, akaniuliza, "Ofisi ile inapokea wanafunzi wetu kumi na wawili kila mwaka. Unataka wadogo zako wakajifunzie wapi?" Basi nikaandika kwenye ripoti kwamba ushirikishwaji wa jamii ulifanikiwa. Nilipata A. Uliposikia nimepata A ulimpigia simu kila mtu unayemjua.

Niliwasimulia wenzangu chumbani nikidhani watashtuka. Hakuna aliyeshtuka. Mmoja alitumwa kupima visima kumi na vinne, akajaza vipimo vyote akiwa kwenye kiti cha ofisi, kwa amri, kwa sababu gari halikuwa na mafuta. Mwingine aliandika kwenye gazeti la chuo kwamba bweni letu linavuja. Gazeti likafungwa, bweni bado linavuja. Wa tatu aligombea uongozi wa wanafunzi. Wiki moja kabla ya kura akaitwa ofisini akaulizwa kama anampenda baba yake, ambaye ni mtumishi wa umma. Akajitoa. Siku hizi anacheza karata, hataki hata kusikia neno mkutano.

Tukisikia watu wazima redioni wakisema vijana wa vyuo hawajali, wamezama kwenye simu, tunazima. Tunakosa nini, Bibi? Habari? Habari sisi ndio tuliozichapa. Mtu akishaona jikoni hawezi kula kwa furaha. Kwa hiyo tunasoma, tunafaulu, tunanyamaza, tunatafuta njia ya kuondoka.

Hilo neno ulilolipenda, mimi silitaki. Kushiriki unafanya mwenyewe. Kushirikishwa unafanyiwa, kama mtoto anavyovalishwa. Tangu nimezaliwa sijashiriki kitu, nimeshirikishwa tu.

Nilikuandikia mstari mmoja kwa sababu ningeandika wa pili ningelazimika kuandika yote haya. Na Jumamosi ile sikuwa na mtihani. Niliogopa nije nikute zile karatasi zinapita mkono kwa mkono, na mimi nimekaa kimya karibu yako.

Nisamehe. Sijui nifanye nini. Sidhani kama kuna la kufanya.

Mjukuu wako

—

Tarehe 11 Machi

Mume wangu,

Jina nimekurudishia, lakini usifurahi.

Barua yako niliisoma, nikaitupa chini ya cherehani, nikashona suruali tatu za darasa la nne, zote mguu mmoja mrefu. Nikazifumua. Nikaiokota nikaisoma tena.

Kwanza, A yako. Nilimwambia mpaka daktari wa meno, mdomo wazi, kitambaa kikiwa ndani. Haya, hilo limepita.

Pili. Sikusamehe leo. Utasamehewa ukifika. Ulikaa na jambo lenye uzito wa gunia, ukaniandikia mstari mmoja, nami kwa kiburi changu nikaupuuza. Kosa langu nalijua. Watu sitini walitia sahihi kwa sababu ya mdomo wangu, na mkono wa Mama Ndoo niliushika kwa mkono wangu huu. Sitaki unifutie, wala sitaki kukufutia lako.

Tatu. Unasema umeona jikoni huwezi kula. Wewe umesusa, sawa, una pa kwenda kula. Sisi tunalishwa. Unadhani ulivyoondoka jikoni moto ulizimika? Aliingia mwingine akachapa. Yule wa miwani naye ni wa chuo, ana vidole laini kama vyako. Nimekaa nikafikiri, pengine naye ana bibi yake mahali. Kama ninyi mliosoma mnaondoka wote, karatasi zetu zinabaki mikononi mwa nani? Ninyi mnaojua kwamba kola hubadilishwa mmenyamaza, sisi tusiojua ndio tunaotia sahihi. Hapo mnataka tushinde vipi?

Na lile la kura na choo, limepoa, nakujibu. Kweli, nimepiga kura zote na choo kimefungwa. Nitapiga tena, kwa hasira hiyo hiyo, na safari hii nitasimama kwenye foleni nikiuliza kila mgombea anaenda haja wapi. Hasira yako wewe umeipeleka wapi? Umeilaza kitandani korido ya watu kumi na wanane.

Sasa kilichotokea huku. Nimepita kwa wanawake mmoja mmoja, kichwa chini, nikawaambia, "Nilidanganywa, nikawadanganya." Si kazi rahisi kwa mtu kama mimi. Muuza mitumba alinisimamisha juani mpaka akamaliza kupanga bidhaa yote, kisha akasema, "Haya, endelea." Mama Ndoo alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Sitasema nawe, Fundi, ila karatasi nitakuja kutia." Wamekubali arubaini na wanne. Waliobaki wanaogopa kalamu, na siwalaumu.

Ijumaa nilikwenda ofisi ya mji kwenye dirisha la mapokezi. Karani akaniuliza, "Hii sahihi yako, Bibi?" Nikasema yangu. "Basi uliafiki." Nikamwambia nilihudhuria. Akanijibu, "Ndiyo hivyohivyo." Maneno ya mkuu wako kabisa, utadhani walizaliwa tumbo moja. Nikamuuliza pingamizi linatakiwa liwe na nini. Kwa maandishi, akasema, na uthibitisho. Sahihi za wanawake wa soko peke yake hazitoshi, wanasema tumebadili mawazo. Anatakiwa mtu aliyeona kwa macho yake jinsi ukurasa wa mbele unavyotolewa na mwingine unavyowekwa. Mtu huyo mimi namjua mmoja tu, na anaogopa.

Sikwambii hutaumia. Pengine mhadhiri atakununia, pengine A yenyewe itafutwa, pengine wenzako watasema umewaharibia nafasi. Nimeyafikiria yote hayo nikiwa nimekaa. Nguo niliyoikosea naifumua hata kama mwenyewe ameshaivaa na kuisifu, na sijawahi kuifumua bila kuona uchungu. Siku zimebaki chache. Ijumaa tarehe 16, saa tisa na nusu mchana, dirisha linafungwa, Jumatatu wanaleta nyundo. Baada ya hapo Mama Ndoo ana figo zake, na mimi na wenzangu tuna zetu.

Kwa hiyo fanya hivi, bila kuniuliza mbona.

Jumatano njoo kwa basi la asubuhi. Njoo na ripoti yako yenye A na karatasi tupu nyingi. Kabla hujapanda basi, pitia ofisi ya uandikishaji uandikishwe jina, bado wako wazi mpaka mwisho wa mwezi, nimeuliza. Mburute na yule wa karata. Ukifika usije nyumbani kwanza, njoo sokoni. Kaa mezani kwangu, uandike ulichokifanya kule kwenye uwanja wa watoto, tarehe, chumba na maneno ya mkuu wako, usipunguze. Kisha kwenye kila ukurasa wa sahihi, kila ukurasa, si wa mbele tu, andika juu kwa wino: TUNAPINGA. Msomee kila mwanamke kabla hajashika kalamu. Akikwambia anajua, msomee tu.

Nakala ziwe mbili. Alhamisi twende pamoja dirishani, lakini utakayezungumza ni wewe. Moja wabaki nayo, nyingine waipige muhuri wa kupokea, wenye tarehe na saa. Karani atakwambia mwenye muhuri ametoka. Vuta kiti ukae umsubiri, na usinyanyuke hapo mpaka muhuri ugongwe.

Bibi yako